Sura ya Sita: Kiingilio na Rehani ya Neno

Pale Rusumo, ambapo mto Ruvubu uliotoka Burundi umekwisha kuungana na Kagera, na maji ya mito miwili yakaporomoka kwa kishindo baina ya majabali kabla ya kushika njia ya kaskazini, pana daraja moja, dola mbili, sarafu mbili, na foleni ya malori ambayo urefu wake wa leo haumwambii mtu urefu wake wa kesho. Daraja jipya, pamoja na kituo cha pamoja cha forodha, lilifunguliwa na Marais John Magufuli na Paul Kagame tarehe 6 Aprili 2016, na tangu hapo lori lililokuwa likikaguliwa mara mbili, ng'ambo hii na ng'ambo ile, hukaguliwa mara moja na maofisa wa nchi zote mbili waliokaa chini ya paa moja. Urahisi huo haukuondoa haja ya habari. Yamkini umeizidisha, kwa kuwa mali ikienda upesi bei nayo hugeuka upesi, na mwenye maharage yake Biharamulo, ambaye zamani alikuwa na siku nyingi za kuulizia soko la ng'ambo, leo hana budi kulijua kabla jua halijatua.

Haja hiyo ndiyo iliyozaa makundi ya WhatsApp na Telegram ambayo mtu hawezi kuishi mpakani bila kuingizwa, kwa hiari yake au kwa hiari ya jamaa zake: makundi ya madereva, ya mawakala wa forodha, ya madalali wa nafaka, ya wabadilisha fedha, na ya vijana ambao pengine hawajavuka daraja hata siku moja lakini hununua na kuuza sarafu za dunia nzima kwa kidole gumba. Baadhi ya makundi hayo ni ya bure. Mengine hutoza kiingilio, au ada ya mwezi, na hoja ya wenye kutoza ni moja popote uendapo: kwamba mlango wa bure huingiza wenye porojo, wenye matusi na wenye hila, ilhali aliyetoa fedha yake huja kwa adabu, husoma kabla ya kuuliza, na husema kitu anapokuwa na kitu cha kusema. Sitaki kuikataa hoja hii kwa pupa, kwa sababu ina nusu ya haki; ila nusu hiyo aghalabu huuzwa kwa bei ya nzima.

Mahali ambapo hoja hii ilijaribiwa kwa muda mrefu kuliko pengine popote ni mjini London, na kwa bahati ya kumpendeza msomaji wa Kagera, ilijaribiwa katika nyumba ya kahawa. Katika kichochoro kiitwacho Exchange Alley palikuwa na mkahawa wa Jonathan, ambamo tangu mwaka 1698 mtu mmoja, John Castaing, alikuwa akitoa orodha ya bei za hisa, za fedha na za bidhaa. Aliyetaka kusikia yaliyosemwa humo alinunua kikombe akaketi. Mwenye maarifa aliketi, na mlaghai naye akaketi. Baada ya miaka zaidi ya sitini ya kuchanganyika hivyo, madalali wapatao 150 walishikana wakaahidi kulipa pauni 1,500 kwa mwaka ili chumba kiwe chao peke yao kwa saa chache za kila siku. Mtu mmoja aliyesukumwa nje akaenda kushtaki, na mwaka 1762 akapewa haki yake, kwani mkahawa ule ulihesabiwa kuwa soko la watu wote. Madalali hawakukata tamaa: mwaka 1773 walihamia nyumba yao wenyewe, na mlangoni wakaweka ada ya peni sita kwa siku.

Peni sita hazikuzuia kitu. Mlaghai ambaye faida ya uongo wake ni pauni mia moja hashindwi na peni sita. Tena yeye ndiye wa kwanza kuzilipa, maana amekwisha kupiga hesabu ya mavuno yake, ilhali anayesita mlangoni, akipapasa mfuko wake, ni yule mtu mwaminifu aliyekuja kutazama tu na ambaye hana hakika kama humo ndani atapata chochote. Ada ndogo ya mlangoni, basi, huweza kuwachuja watu kinyume kabisa cha ilivyokusudiwa. Walipochoshwa na hali hiyo, wenye soko lile waliligeuza mwaka 1801 kuwa mahali pa uanachama: mtu aombe, ajulikane, apigiwe kura na kamati, alipe ada ya mwaka, na mwaka ukiisha aombe tena. Aliyeshindwa kutimiza ahadi zake, jina lake liliandikwa mbele ya wenzake wote, na mlango ukafungwa nyuma yake. Hata walipojitwalia nembo mwaka 1923, maneno ya Kilatini waliyoyachagua yalikuwa na maana ya kwamba neno langu ni dhamana yangu.

Katika hali zote mbili fedha ililipwa, walakini haikufanya kazi moja. Peni sita zilikuwa bei ya kusikia. Uanachama wa mwaka 1801 ulikuwa rehani ya kusema: aliyenena uongo alijua kuwa kuna kitu chake kilichoshikwa, ambacho hawezi kukikomboa ila kwa ukweli. Mimi nashikilia kwamba tofauti hii ndiyo jambo lenyewe, na kwamba anayeuliza kama kulipia kunaboresha mazungumzo ya wafanyi biashara hajauliza swali la kutosha mpaka aseme fedha hiyo imefungwa kwa nani na kwa sharti gani.

Na rehani hiyo si lazima iwe fedha. Katika karne ya 11 Wayahudi wa Maghribi waliokuwa wakifanya tijara baina ya Misri, Tunisia na Sisilia waliandikiana barua zisizo na idadi, kwa Kiarabu kilichoandikwa kwa herufi za Kiebrania, wakipashana habari za bei, za kuwasili kwa majahazi, na za mwenendo wa mawakala wao; maelfu ya karatasi za zama hizo zilihifadhiwa katika sinagogi la Ben Ezra huko Fustat, na mwanachuoni S. D. Goitein alitumia sehemu kubwa ya maisha yake kuzisoma. Hawakutozana kiingilio. Lakini mwanauchumi Avner Greif alidai, katika makala yake ya mwaka 1989, kwamba wakala aliyemdanganya mmoja wao alijikuta amekosa kazi kwa wote, hivi kwamba sifa njema ya mtu ilikuwa mali yenye thamani kuliko hila yoyote ya siku moja. Wako wanachuoni waliompinga baadaye, wakaonyesha kwamba wafanyi biashara hao walikwenda mahakamani kama watu wengine. Nami naona hapana ugomvi mkubwa baina ya kauli hizo mbili, kwani hata leo mtu anayemwogopa hakimu humwogopa pia shemeji.

Turudi Rusumo, na tuzitenge habari zake, maana kosa la wengi wanaobishana juu ya ada ni kuzihesabu zote kuwa namna moja.

Iko habari isiyopungua kwa kugawiwa. Dereva aliyesimama Nyakanazi na aliyelala Lusahunga wote wanataka kujua hali ya kilomita 92 zinazotoka Lusahunga hadi mpakani: pametengenezwa wapi, pameharibika wapi, lori lipi limepinduka na kuziba njia, foleni imefika wapi. Aliyeko Benaco, mji ambao jina lake ulimwengu ulilisikia mwaka 1994 kwa kambi ya wakimbizi wa Rwanda, na ambao dereva wa leo anaujua kwa sahani ya wali na mahali pa kuegesha, akiwaambia wenzake walioko nyuma kwamba foleni haisogei, yeye hapotezi chochote. Na kesho yeye ndiye atakayekuwa nyuma. Mwishoni mwa Aprili 2020, Rwanda ilipoamuru kwa sababu ya korona kwamba malori ya kigeni yakabidhiwe kwa madereva wengine mpakani au shehena ipakuliwe hapo, malori yalirundikana upande wa Ngara, na katika siku kama zile thamani ya kundi la madereva ilikuwa katika wingi wa macho yake. Mwenye kulitoza kundi la namna hii ada hupunguza macho, na kwa kupunguza macho huharibu kile kile anachodai kukiuza. Ninasema bila kusita kwamba katika habari za njia, ada ni madhara.

Iko habari nyingine ambayo hufa kwa kugawiwa. Dalali aliyegundua kwamba katika kijiji fulani cha Biharamulo maharage yamejaa na wanunuzi hawajafika, akilitangaza jambo hilo kwa watu mia tano, asubuhi yake atakuta malori matatu yamemtangulia na bei imepanda. Huyu hatasema katika kundi la bure, na hana lawama. Atasema, kama atasema, mbele ya watu wachache ambao nao humletea habari za uzito ule ule, na hapa ndipo nusu ya haki ya wenye kutoza ada inapokaa: uchache na kujuana huleta maneno yenye uzito, na kiingilio ni njia mojawapo ya kuleta uchache. Ila ni njia dhaifu, kwa sababu kiingilio hakijui kutofautisha aliyekuja na habari na aliyekuja na fedha tu. Kundi la madalali kumi waliojuana sokoni kwa miaka, wasiolipana hata shilingi, ambamo asiyeleta habari huulizwa na akiendelea kunyamaza hutolewa, lina kiingilio kikali kuliko kundi lolote la kulipia, maana malipo yake hutolewa kwa mali ambayo haiwezi kukopwa.

Na iko namna ya tatu, ambayo ndiyo yenye ada kubwa kupita zote, nayo ni ile ambayo habari yenyewe haimo. Nazungumzia makundi ya biashara ya sarafu mtandaoni, yale yanayoitwa VIP, ambamo kijana wa Ngara mjini au wa Kabanga hulipa ili aletewe signali: nunua dola sasa, uza dhahabu saa tisa. Bei ya sarafu hizo hufanywa na mabenki ya London, New York na Tokyo, na mtu aliyeketi na simu hapa kwetu, awe mwalimu awe mwanafunzi, hana dirisha la kuchungulia humo. Anayeuza habari ya maharage huenda ameyaona maharage. Anayeuza habari ya dhahabu ya saa tisa ameona picha ya mistari ambayo kila mtu duniani ameiona. Maadamu hana cha kuuza kilichomo sokoni, anachouza ni mlango wenyewe. Mwaka 2018 mamlaka ya masoko ya mitaji ya Umoja wa Ulaya, ilipokuwa ikitangaza masharti makali juu ya mikataba ya kukisia bei ambayo vijana hawa huicheza, ilieleza kuwa kati ya asilimia 74 na 89 ya akaunti za watu wa kawaida hupata hasara. Mtu mwenye njia ya hakika ya kuponyoka katika hesabu hiyo hangekuwa na muda wa kukusanya ada za watu. Na pamoja na hayo wako walimu ambao, mbali na ada, hulipwa ujira na kampuni za udalali kwa kila mwanafunzi waliyempeleka na kwa kila biashara anayoifanya, ipate ipoteze. Hapo mwanachama hulipa mara mbili, na mara ya pili hajui.

Swali litaulizwa: kama hali ndiyo hiyo, mbona wanachama wa makundi hayo huyasifu? Nami sidhani kuwa wote wamehongwa. Mwaka 1959 wanasaikolojia wawili wa Marekani, Elliot Aronson na Judson Mills, waliwaalika wasichana wa chuo kujiunga na kundi la majadiliano. Baadhi wakaingizwa bila tabu, wengine kwa jaribio jepesi, na wengine kwa jaribio la kuwatia haya hasa, la kusoma maneno machafu kwa sauti mbele ya mtafiti. Kisha wote wakasikilizishwa mazungumzo yale yale, ambayo yalitengenezwa kwa makusudi yawe ya kuchosha na yasiyo na maana. Walioingia kwa jaribio kali ndio walioyaona mazuri. Nafsi ya mtu haipendi kukiri kwamba imetoa kitu chake bure, basi hukitafutia thamani kile ilichopata. Kwa hiyo ushuhuda wa mwanachama aliyelipa juu ya ubora wa mazungumzo aliyoyalipia ni ushuhuda wa kupokewa kwa hadhari, na kadiri alivyolipa zaidi ndivyo hadhari inavyopasa kuzidi. Adabu na utulivu unaoonekana katika makundi ya kulipia nao huenda si dalili ya hekima: wako wanaonyamaza kwa kuwa hawana la kupinga, na wako wanaonyamaza kwa kuwa kupinga ni kujiambia kwamba ada ya mwezi imepotea.

Tena, kunyamaza huko kwaweza kuwa kwa amri. Hapa nataka kuulinganisha mlango huu wa simu na mlango mwingine ambao watu wa Kagera wanaujua tangu enzi za babu zao. Chama kikuu cha ushirika cha wakulima wa kahawa kilianzishwa Bukoba mwaka 1950. Vyama vikuu vya nchi nzima vikavunjwa na Serikali mwaka 1976, vikarudishwa kwa sheria mwaka 1982. Na katika mageuzi yote hayo mkulima aliendelea kujua kwamba mwanachama hulipa kiingilio na hununua hisa. Sisemi kwamba vyama hivyo ni malaika. Wakulima wana simulizi zao za mizani iliyopinda na malipo yaliyochelewa, na sura nyingine ya kitabu hiki imezieleza. Lakini angalia kiingilio kile kilinunua nini. Kilinunua kura moja, sawa na ya mwenye shamba kubwa. Kilinunua haki ya kusimama katika mkutano mkuu na kumwuliza katibu hesabu ya kilo na ya shilingi. Na kama katibu alikasirika, hakuwa na uwezo wa kumfuta muulizaji kwa kidole. Katika kundi la VIP, mwanachama anayeuliza jana tumepoteza kiasi gani hutolewa na admini kabla hajajibiwa, na fedha yake hubaki. Yaani katika ushirika fedha humfunga kiongozi kwa mwanachama, na katika kundi la signali humfunga mwanachama kwa kiongozi. Na mazungumzo hufuata kamba ilikofungwa.

Mipaka ikivukwa zaidi ya hapo, mazungumzo huisha kabisa na hubaki mlango mtupu. Mwaka 2009 Watanzania waliokuwa wakipanda mbegu zao za fedha katika mradi wa DECI walikuta shamba limefungwa na Serikali. Mwaka 2019 ikawa zamu ya Waganda waliojiunga na Dunamiscoins kwa ahadi ya faida ya asilimia 30, wakaamka siku moja mwezi Desemba wakakuta ofisi zina kufuli. Katika miradi hiyo kiingilio cha mgeni kilikuwa ndicho faida ya mwenyeji. Siyataji haya ili kusema kwamba kila kundi la ada ni upatu wa hadaa. Nayataja kwa sababu mwenye kundi ambaye pato lake lote ni viingilio amekwisha kusimama katika ngazi ya kwanza ya nyumba ile, hata kama hana nia ya kupanda.

Limebaki jambo la walioachwa nje, ambalo wapenzi wa ada hulipita haraka. Mwaka 2000 mtafiti Joachim De Weerdt alizihoji kaya zote 119 za kijiji cha Nyakatoke, wilayani Bukoba, akauliza kila moja inamtegemea nani wakati wa dhiki. Ikadhihirika kwamba wenye mali kidogo ndio wenye mtandao mwembamba wa watu wa kuwategemea. Hayo yalikuwa ya misiba na njaa, si ya bei za soko, lakini sioni kwa nini habari ya bei ifuate njia nyingine. Mkulima wa Kagera anayeuza kahawa yake ikiwa bado mtini, kwa biashara ile ya butura inayopigwa marufuku kila msimu, huiuza kwanza kwa sababu ana shida ya fedha, na pili kwa sababu hajui itakuwa na bei gani itakapokauka. Ujinga wake ni faida ya mnunuzi. Sasa wanunuzi kumi wakiwa na kundi lao la kulipia, wakijadiliana ndani yake kwa adabu, kwa takwimu, kwa maneno ya hakika, mazungumzo hayo yatakuwa bora kweli. Na ubora wake utakuwa umelipiwa na mtu ambaye hayumo. Kwa upande wa pili, mwanamke anayevuka daraja na mzigo wake wa vitunguu, ambaye kwa utaratibu wa Jumuiya ya Afrika Mashariki wa bidhaa zisizozidi thamani ya dola 2,000 anaweza kupewa cheti chepesi cha asili ya bidhaa asitozwe ushuru wa forodha, anahitaji habari hiyo leo asubuhi, bure, kwa Kiswahili na kwa Kinyarwanda, na kundi lolote linaloiweka nyuma ya ada linauza kitu ambacho dola zimekwisha kumpa.

Je, hapana namna ya kutoza fedha ikawa rehani, isiwe bei? Ipo, na si ngumu kuieleza. Madalali wa maharage thelathini, kwa mfano, kila mmoja aweke kiasi kinachouma, kisiende kwa admini wala kwa mtu yeyote, kikae kimeshikwa. Anayeondoka kwa heri arudishiwe chake, na anayethibitika kuleta bei ya uongo au kupakia lumbesa aliyoiita gunia la kilo mia apoteze. Kundi la namna hiyo lingeyafanya maneno yapungue na yawe mazito, kama walivyofanya wale wa London. Ugumu uko kwa hakimu. Bei ya asubuhi si bei ya jioni, na aliyesema kweli saa tatu huonekana mwongo saa tisa, hivyo lazima wawepo watu wa kukaa na kupambanua kosa na hiyana. Wenzetu wa 1801 walikuwa na chumba, na kamati, na ubao. Rusumo mlalamikaji yuko Benaco, mshtakiwa yuko Kirehe chini ya sheria ya nchi nyingine, shahidi ni dereva ambaye kufikia sasa amekwisha kupita Kigali, na fedha yenyewe iliyowekwa rehani imo katika simu ya mtu wa nne aliyeko Kahama.